Aliyeshuka Kituo cha Panda

Mpaka leo Athanase hajui ni nani aliyeshuka kituo cha Panda jioni ile ya Alhamisi. Alichosikia anakijua. Alichojibu anakijua zaidi.

Otorai, behewa moja lenye injini ya dizeli, hutoka Kapolowe alasiri, hufika Panda giza likiingia, kisha humalizia Likasi mjini. Taa za kituo hazijawaka tangu wezi wakate nyaya. Mji unaoyeyusha shaba hauna shaba ya kuwashia balbu mbili. Kwa hiyo Athanase, msimamizi wa kituo, aliweka utaratibu wake. Kila anayeshuka hutaja jina lake, naye humjibu, "Umefika." Akishamjibu wa mwisho ndipo humwashiria dereva aondoke. Mwaka juzi mama mmoja aliburutwa, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa bado yuko ngazini.

Jioni ile wanawake walishusha magunia ya makala, yaani mkaa, na mihogo wakitaniana. Sephora, muuza makala, alijitaja kwa namna yake.

"Sephora, bibi ya directeur."

"Umefika. Directeur iko anakungoja na brouette."

Wakacheka kumwaza directeur akisukuma toroli, wakaanza kuondoka. Majina yalikuwa yamekwisha. Athanase akainua mkono.

Ndipo ikaja harufu. Udongo mbichi, wa chini kabisa... kama shimo lililofunguliwa sasa hivi. Ladha ya shaba ikamjaa ulimini.

Ngazi ya chuma ikalia. Mguu mmoja. Kisha wa pili...

"Rémy Kabamba."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Umefika," Athanase akajibu.

Alijibu kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia amina. Neno lilikwisha kutoka alipokumbuka. Rémy alikuwa mchimbaji. Miezi kumi na mmoja iliyopita kilima kilimfukia na wenzake wawili, na kesho yake tingatinga la mwenye kilima likasawazisha shimo. Hakuna aliyetolewa. Watu waliomboleza mbele ya picha.

Akawasha tochi ya simu. Jukwaa lilikuwa tupu.

Zilikuwapo nyayo tu. Za miguu mitupu, za tope jekundu, zikianzia ngazini. Ulikuwa mwezi wa nane. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

Nyayo zilivuka reli, zikaingia kambi ya zamani ya wafanyakazi, zikafika mlangoni kwa Mama Fortunée, mama yake Rémy.

Hazikurudi.

Asubuhi kambi nzima ilikuwa imeziona. Sephora, aliyekuwa amebaki nyuma ya wenzake, alieleza kuwa alisikia jina la Rémy likitajwa akatimua mbio, wala hakusikia zaidi. Mama Fortunée alisema yeye alikuwa amelala. Ila sufuria ya bukari, ugali wake, aliyoifunika jioni aliikuta tupu, ina mchanga. Alilisema hilo kwa furaha ndogo aliyoshindwa kuificha, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Siku ya tatu Sephora akapoteza sauti. Zahanati walimpa dawa ya malaria. Kambini walikuwa na maelezo yao: mulozi, yaani mchawi, huuza mtoto wake kwa mashimo ya usiku, mtoto humchimbia, kisha hurudi nyumbani kula.

Hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa na mtoto shimoni mchana uleule, na woga wa namna hiyo hutafuta mtu wa kumshika.

Jumapili, baada ya maombi, Pasta Éphraïm aliuliza mbele ya wote ni nani aliyemfungulia marehemu njia. Maana maiti asiyeitikiwa hupita, alisema; anayeitikiwa ndiye hukaa. Athanase alikuwa benchi la pili. Akafikiria kazi yake, akamfikiria mkewe Viviane na nyumba yao. Akatazama viatu vyake.

Jioni alikwenda kwa Mama Fortunée. Alimkuta gizani, ameketi kwenye kigoda.

"Papa Athanase," alinong'ona, "minye sikumuite. Ni weye ulimuitika."

"Nani alikuambia?"

Mama aligeuka kutazama pazia la chumba cha ndani. Lilikuwa likicheza polepole... na dirisha lilikuwa limefungwa.

Ile harufu ya udongo ilikuwapo.

"Uwaambie, wasinifukuze," alisema mama. "Minye nikienda, atakuta nani kwa nyumba?"

Athanase aliahidi kusema kesho. Kesho ikapita, na keshokutwa. Hakuna aliyemuuliza, na kila saa iliyopita ilizidi kuufunga mdomo wake.

Jumatano watu wa kambi wakaamua. Mama Fortunée apandishwe otorai ya asubuhi mpaka Kapolowe, ambako hana ndugu hata mmoja, na asishuke tena Panda maisha yake yote. Nyumba ifungwe kwa misumari. Vijana wa kanisa waliipigilia misumari Alhamisi kabla hakujapambazuka, lakini hakuna aliyekubali kumgusa yule mama. Pasta akasema kazi ya kituo ni ya mwenye kituo.

Athanase akalipokea furushi. Akamshika mama kiwiko, akampandisha ngazi moja baada ya nyingine. Mama hakupiga kelele, wala hakumlaani. Alimwomba tu amsogeze dirishani, upande wa kambi. Athanase akamsogeza. Kisha akashuka, na kwa mkono wake mwenyewe akafunga mlango kwa nje.