Umeme Uliotoka Nje

Mshonaji alikuwa akishona ukosi wa shati, na cherehani yake ya umeme ilinguruma. Upepo wa jana ulikuwa umekata waya wa nguzo, na mtaa ulikosa umeme. Kwake ulikuwepo. Mumewe, fundi viatu, alikuwa amefunga paneli za jua juu ya paa, kisha akachomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani.

Hata taa ya jirani iliwaka.

"Kizuri kula na nduguyo," mumewe alicheka.

"Hodi!" Alikuwa fundi wa nguzo wa shirika la umeme, jasho likimtiririka. "Dada, mnatumia umeme gani?"

"Wa jua, kaka. Mume wangu ndiye kaufunga."

Fundi akaketi taratibu. "Umepita ukutani, ukatoka hadi kwenye nguzo. Ningeugusa ule waya, sasa hivi mngekuwa mnanililia."

"Mungu wangu! Ulijuaje?"

"Sigusi waya kabla ya kupima, hata kama najua laini imezimwa."

Mume akachomoa waya haraka. Cherehani ikanyamaza.

"Nisamehe, kaka. Nilidhani nawasaidia majirani."

"Nilikuambia utafute fundi," mkewe alisema. "Ukasema fundi ni wewe."

"Wa viatu," alijibu kwa sauti ndogo.

"Sikulaumu," fundi wa nguzo alisema. "Kuwa na paneli ni haki yako. Ila tafuta fundi umeme mwenye leseni. Ataweka swichi ya kuzuia umeme wenu usitoke nje laini ikizimwa. Kisha andikisha mtambo kwenye shirika la umeme. Wakikagua na kuridhika, watafunga mita inayopima umeme mnaochukua na mnaotoa. Hapo jirani atafaidi bila mtu kuzikwa."

"Asante, kaka," mshonaji alisema. "Umeokoka, na sisi umetuokoa."

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, fundi mwenye leseni alimaliza kufunga swichi. Fundi wa nguzo alizima laini, akapima waya wa nje. Kipimo kilikaa kimya, na ndani cherehani ilikuwa ikishona.

"Alhamisi njema kwangu," alisema. "Sasa naweza kupanga kuzeeka."

Mshonaji alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bado mita na sahihi ya mkaguzi," fundi mwenye leseni alisema, akikusanya koleo zake.

Mume tayari alikuwa amekanyaga ngazi. "Mita si nyaya mbili tu?"

"Shuka, baba," mkewe alisema. "Wenyewe wanakuja kesho."