Kasi ya Chini Kabisa

Kona ya mwisho ya maktaba ya chuo ilikuwa inanuka makapi ya mkonge yaliyooza, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini. Mji wa Same una upepo, bwana. Upepo huleta kila kitu.

Evaline, fundi mtandao wa chuo, alikuwa na shida nyingine. Waifai ya maktaba ilikuwa inakokota miguu. Sababu aliijua: kifaa kimoja cha kizamani kikiongea polepole, vingine vyote vinasubiri kimalize. Na kimoja kilikuwepo kwenye kona ileile, kimeng'ang'ania kasi ya chini kabisa. Alipokifuata alikuta kiti kitupu, kina joto.

"Mkuu, pale hakuna mtu," alimwambia Humphrey, bosi wake.

"Basi zima hizo kasi za zamani, mama Blessing. Siku hizi nani anazitumia?"

Akazizima. Kifaa kikatoka, harufu ikakata, mtandao ukaanza kukimbia. Wanafunzi wakampigia makofi, naye akavimba kichwa kidogo. Hata mimi ningevimba.

Jioni hiyo sebule yake ilinuka mkonge. Ruta ya nyumbani hakuwa ameigusa, kasi zake za zamani zilikuwa wazi, na taa yake ilipepesa kana kwamba kuna mtu anaitumia. Binti yake Blessing, wa darasa la kwanza, alikaa mkekani akitazama ukuta.

"Umekula, mwanangu?"

Evaline akavua viatu, akaosha vyombo, akasahau kwamba aliuliza. Ndipo mtoto akasema, "Nimekula."

Majibu yakazidi kuchelewa. Akiulizwa asubuhi, anajibu magharibi. Evaline aliitupa ruta jalalani, harufu ikabaki. Mchungaji alikuja kuomba, na katikati ya sala, Bibi Koleta, mama yake Evaline, akiwa amepiga magoti na kumshika mjukuu wake mkono, mtoto akajibu swali aliloulizwa juzi, taratibu, midomo ikianza kucheza kwanza na sauti ikifika baadaye, kama inatoka mbali sana na inatembea kwa miguu.

Evaline akashuka hadi kijiji cha Bendera kwa mganga Zaituni, akijificha watu wa kanisani wasimwone.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Harufu umekuja nayo." Zaituni alimtazama kwa huruma. "Huyo alikuwa amekaa kwake, hana ugomvi na mtu. Nani kamfukuza?"

"Mimi. Sikujua kama yupo."

"Umemtoa bila kumwonyesha pa kwenda. Akakufuata wewe."

"Mwondoe kwa mwanangu, bibi. Nimezaa huyo mmoja tu."

Mganga akashusha sauti. "Mimi simuwezi. Mfungulie kule alikokuwa, atarudi. Ila kama ameshamzoea mtoto, hapo sijui."

Kesho yake Evaline alikoroga uji. "Utakunywa uji, Blessing?" Mtoto hakujibu. Evaline akamwacha na Bibi Koleta, akapanda bodaboda hadi chuoni, na bila kumuuliza Humphrey akakaa maktaba na kompyuta yake, akazifungua kasi zote za zamani.

Harufu ilirudi. Kwenye skrini kifaa kikajiunga, chini kabisa, kona ileile. Evaline nusura alie kwa furaha. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, Blessing anaongea?"

"Amelala ghafla," Bibi Koleta alinong'ona. "Namtikisa, mwanangu. Haamki."

Kwenye skrini kifaa cha pili kikajiunga, ubavuni mwa kile cha kwanza, na wanafunzi wakaanza kulalamika kwamba mtandao umekwama tena, na nyuma ya rafu ya mwisho, ambako hapakuwa na mtu, sauti ndogo aliyoijua tangu ilipoanza kulia duniani ikasema taratibu sana, "Ndiyo, mama. Nitakunywa."

Humphrey akachungulia mlangoni. "Nani kafungua hizi kasi? Nakwenda kuzizima mwenyewe." Akageuka kuelekea ofisini.

Evaline aliinuka kumzuia. Midomo yake ikacheza: usizime, mwanangu yumo humo, usizime. Humphrey alikuwa ameshafika mwisho wa korido, na sauti ya Evaline ilikuwa bado haijafika.