Mtandao Ulikuwa Mzima

Kila Jumapili ilikuwa vilevile. Bibi anaoga mapema, anavaa gauni lake la kutokea, anakaa mbele ya kompyuta wima kama anayengoja kupigwa picha. Mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima walimwita Redio kwa jinsi alivyojua kusema, anampigia baba yake aliye ng'ambo. Inaita, inaita, inakatika.

"Vipi?" Bibi anauliza. Macho yake yameingia ukungu, kioo hakioni vizuri.

"Mtandao, Bibi. Mbovu."

Uongo mtupu. Kitambo baba alikuwa ameandika ujumbe: ana familia nyingine, wasimpigie tena. Redio aliusoma peke yake, akaufuta, akaenda kulia bafuni huku amefungulia maji. Sasa angemwambiaje Bibi?

Shida ni kwamba daktari alishasema jicho la kulia lipasuliwe haraka, likichelewa litazima. Bibi akagoma. "Sipasuliwi kabla sijaongea na mwanangu mkubwa. Mtandao ukipona, nitaenda."

Ndipo akaja baba mdogo, fundi wa mitandao. "Mama, leo nauponya huo mtandao wako," alisema akivuta kiti.

Baba mdogo alifungua programu inayonasa kila kinachopita kwenye mtandao, akatuma ping kwenye mashine moja ya mji anaokaa kaka yake. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo.

"Ping ni kubisha hodi tu," alieleza. "Mstari huu ni hodi yetu. Huu wa chini ni karibu yao. Hodi, karibu, hodi, karibu. Hakuna iliyopotea."

Kisha akaendesha traceroute, inayoonyesha vituo vyote vya njiani. Kwenye kituo cha tano zikatokea nyota tupu badala ya jibu. Redio akadakia, "Hapo! Hapo ndipo pamekatika!"

Baba mdogo akacheka. "Wewe ukiwa fundi tutalala njaa! Pangekatika, wa sita na wa saba wangejibuje? Majibu yao haya hapa, yamenaswa. Huyu wa tano anapitisha mizigo kama kawaida, ila ukimuuliza habari zake hajibu. Njia ni nzima, amenyamaza tu."

Bibi akageuza uso taratibu. "Njia ni nzima?"

"Hadi mjini kwake, Mama."

"Basi na mwanangu amenyamaza tu."

Kicheko kikamkauka baba mdogo. Redio akashindwa kuvumilia. "Aliandika, Bibi. Nikafuta." Akasema yote, neno kwa neno.

Bibi hakufoka. Alinyoosha gauni magotini, akalinyoosha tena.

"Nilitaka usilie," Redio alisema.

"Najua, mama. Lakini ungeniambia, ningelia siku ile, kesho yake ningeenda kwa daktari. Ulinificha kilio ukaniachia kungoja, na jicho likangoja pamoja nami." Akamvuta kifuani. "Habari inayouma ni ya mwenyewe. Mpe, halafu kaa naye. Usimfiche."

Kesho yake baba mdogo akawapeleka hospitali. Daktari akasema wamewahi kwa kidogo tu, akalipasua jicho. Bandeji ilipotolewa, Bibi alipepesa jicho, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akampapasa shavu.

"Kumbe umefanana na baba yako hivi," alisema, na hapo ndipo alipolia.