Picha ya Kyungu na Kabange

Rafiki yangu Tatiana hupiga watoto picha nje, ameshika prizma, kipande cha kioo cha pembe tatu, mbele ya lenzi ili mtoto mmoja aonekane wawili. Yeye huiita sanaa.

Mchana mmoja, kwenye bustani ya mtaa wa Berchem, maman Nday alimletea mwanawe Kyungu. Pacha wake, Kabange, walikuwa wamemzika Januari, na mama alitaka kuwaona wawili tena.

Kyungu alinuna. Tatiana akamtania yule wa kwenye kioo: "Bon, Kabange, weye ucheke."

Akapiga. Kwenye skrini ya kamera, Kyungu alikuwa amenuna. Wa pembeni alikuwa anacheka.

"Toa ule anakasirika," mama akasema, mtoto akisikia. "Piga tena."

Picha ya pili ilikuwa na mtoto mmoja tu, anacheka. Kyungu alisimama hatua mbili mbele yao, analia, na kilio chake kilisikika kutoka mbali sana.