Samaki Aliyekataliwa na Nzi

Kila asubuhi, kabla jua la Kakuma halijaanza kuchoma kisigino, Namuar alikuwa amekwisha kufanya kazi tatu: kuteka maji kwenye bomba la kanisa, kufagia mbele ya meza ya mama yake, na kukata tawi la kupungia nzi. Ile kazi ya tatu ndiyo aliyoichukia. Nzi wa Kakuma hawana haya. Ukiwafukuza kushoto wanatua kulia, na kwao samaki mkavu ni sikukuu.

Mama yake, Amuria, alikuwa mjane. Alianza biashara kwa samaki kumi tu ndani ya karai, chini mavumbini, kando ya barabara iendayo kambi ya wakimbizi. Samaki hao alikuwa akiwanunua kwa mchuuzi aliyewanunua kwa mchuuzi mwingine, kwa hiyo faida ilikuwa imekwisha kulambwa kabla haijamfikia. Mapema mwaka ule wa 2013 aliungana na wanawake wanne wa kanisani kwake, wakachukua mkopo mdogo wa kikundi. Sharti lake lilikuwa jepesi kusema na gumu kutimiza: kila Jumatatu kila mmoja alete fungu lake, na mmoja akishindwa, wenzake wamlipie. Kwa mkopo huo Amuria alinunua gunia zima kutoka kwa wavuvi wenyewe kule Longech, ziwani. Akapata meza. Akapata wateja.

Akapata na maneno. Longor, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na desturi ya kuja na kigoda chake mkononi, akakiweka mbele ya meza na kukaa kama aliyekuja kusikiliza kesi.

"Shemeji, hizo pesa za mkopo ungenipa mimi ninunue mbuzi," alisema siku moja. "Mbuzi huzaa. Samaki mkavu umeona wapi akizaa?"

"Na ukame ukija, hao mbuzi wako watanilipia Jumatatu?"

"Mwanamke mwenye meza hana masikio."

"Ninayo mawili," Amuria akajibu, huku akiwapanga samaki. "Moja nasikilizia wateja, la pili namsikilizia Mungu. La tatu, la kukusikiliza wewe, halijaota bado."

Namuar aliinama nyuma ya tawi lake ili baba yake mdogo asimwone akicheka.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Jumatano, Amuria alipanda lori kwenda Lodwar kupokea gunia jingine lililokuwa likiletwa kutoka ziwani. Alimwachia binti yake meza pamoja na nusu ya gunia la zamani.

"Nitarudi kesho jioni," alisema. "Ukiona mawingu, funika. Samaki huyu akilowa, amekufa mara ya pili."

Usiku ule mvua ikanyesha kama iliyokuwa na hasira ya miaka mitatu. Lodwar nako kulinyesha. Asubuhi mama akapiga simu kwa Longor: laga, ile mito ya mchanga, zimejaa maji, barabara imekatika, malori yamesimama. Namuar asihangaike, mama atakuja maji yakipungua.

Namuar alikuwa amefunika gunia, lakini maji yaliingilia chini. Kufikia Ijumaa samaki walikuwa wamelegea na kuanza kunuka vibaya. Alipomfunua mmoja, aliona vidudu vyeusi vikitembea kwenye mbavu. Machozi yakamlenga. Jumatatu ilikuwa mlangoni, na fungu la mama yake lilikuwa bado mle mle, kwenye mbavu za samaki wale.

Longor alikuja, akatazama, akacheka kidogo puani.

"Kwani mbuzi akishikwa na kupe tunafanya nini? Tunamwaga?" Alitoa mfukoni kifuko cha unga mweupe. "Hii ni dawa ya kupe. Nyunyiza kidogo. Kesho hutaona mdudu hata mmoja."

"Lakini samaki ataliwa, baba mdogo."

"Na mbuzi je? Haliwi? Mimi nimekula mbuzi waliopakwa dawa tangu sijaota meno, na niko hapa."

Namuar alikuwa mtoto wa wafugaji. Alikuwa ameona dawa hiyo ikipakwa kwenye masikio ya mbuzi mara nyingi, na kweli hakuwahi kuona mtu akidhurika. Hakufikiri kwamba mbuzi hupakwa nje, juu ya ngozi, akaachwa siku nyingi, na siku ya kuchinjwa ile ngozi huvuliwa. Alinyunyiza. Akanyunyiza tena, kwa kuwa vidudu vilikuwa vingi.

Jumamosi jua liliwaka. Samaki walikuwa wakavu tena, harufu imepungua, meza safi. Namuar aliketi na tawi lake mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi nalo.

Adhuhuri akaja Nyaluak, mama mnene mcheshi kutoka Sudan Kusini, mwenye hoteli ndogo kule kambini. Alikuwa mteja wa mama yake tangu enzi za karai.

"Ejok, binti!" alisalimu Kiturkana chake cha kuungaunga.

"Ejok-noi, mama."

"Kesho mjukuu wangu Chuol anabatizwa. Watoto wengi kuja kula. Nipe samaki ishirini, wale wakubwa." Aliinua mmoja, akamgeuza, kisha akatazama juu ya meza. "Leo nzi wako wapi?"

Namuar akainua tawi lake haraka. "Nimewafukuza, mama."

"Tamam! Mkono yako kali kuliko askari wa kambi." Nyaluak akacheka, akalipa, akajitwisha mzigo wake na kwenda.

Namuar alizifunga pesa zile kwenye ncha ya leso na kushukuru kimoyomoyo. Alasiri akainama kuokota magamba yaliyoanguka chini ya meza. Hapo akamwona kuku wa jirani. Asubuhi kuku huyo alikuwa akidonoa magamba yale. Sasa alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja ukitetemeka, mdomo wazi. Namuar alimtazama hadi mguu ulipoacha kutetemeka.

"Baba mdogo!" aliita. "Kuku amekufa!"

Longor alikuwa kwenye kigoda chake kivulini. "Kuku hufa kila siku."

"Alikula magamba ya samaki. Na Mama Nyaluak amechukua ishirini!"

Longor akasimama, akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Sikiliza. Ukisema, hakuna atakayenunua tena kwenye meza hii. Mkopo umekwenda, na jina la mama yako limekwenda. Watapika, maji ya moto yataua hiyo dawa. Nyamaza."

Namuar alibana leso yenye pesa. Ni kweli, akinyamaza, Jumatatu imelipwa. Mama atarudi akute kila kitu sawa. Lakini akilini aliwaona watoto wamekaa chini kuzunguka sinia, mikono imenawa, wakingoja baraka ya chakula. Na magamba yalikuwa bado yamemganda vidoleni.

"Sinyamazi," alisema.

"Unasema nini?"

"Nimesema sinyamazi, baba mdogo. Aliyewawekea samaki dawa ni mimi, na mdomo ni wangu."

Akatimua mbio. Maji ya laga iliyo kati ya mji na kambi yalikuwa bado magotini. Aliyavuka sketi mkononi, akapita vibanda na hoteli bila kumsalimia mtu, hata akafika uani kwa Nyaluak akihema. Samaki walikuwa wamelowekwa kwenye sufuria kubwa. Kuni zilikuwa zimekwisha kushika moto.

"Usipike, mama! Nimewatia dawa ya kupe. Mimi mwenyewe. Nzi sikuwafukuza. Walikataa kutua."

Nyaluak alisimama na mwiko mkononi. Watoto wa pale uani wakasogea. Namuar alifumba macho akingoja kofi.

Kofi halikuja. Nyaluak aliinua sufuria kwa nguvu zake zote, akaimwaga kwenye shimo la taka, akalifukia kwa koleo. Kisha akaleta sabuni, akanawa, akamvuta Namuar na kumsugua mikono hadi viwiko.

"Mimi nilikuuliza nzi," alisema kwa sauti nzito. "Nilikuuliza, na wewe ukanidanganya."

"Nilidanganya, mama." Namuar akafungua leso, akamrudishia pesa zote.

"Kalas, imekwisha. Kesho mjukuu wangu atabatizwa kwa maharage." Akamtazama sana. "Nenda. Na mama yako akirudi, mwambie wewe kabla ya mtu mwingine."

Amuria alirudi Jumapili mchana juu ya lori, miguu yote matope, gunia jipya ubavuni mwake. Namuar alimwambia kila kitu kabla hata mama hajanywa maji. Amuria alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangapi wengine wameuzwa?"

"Hakuna. Siku mbili za mvua watu hawakutoka. Ni wa Mama Nyaluak tu."

"Mungu ana macho," Amuria alisema. "Lete jembe."

Walichimba nyuma ya nyumba, shimo la kufika kifuani. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea, na watu wakakusanyika kama kwenye mnada. Mchuuzi mmoja akamwonea huruma.

"Mama Namuar, waoshe na chumvi, uwapeleke Lorugum. Huko hawakujui."

"Watu wa Lorugum hawana matumbo?"

"Si unajua kesho ni siku ya mkopo?"

"Najua kesho ni lini, na leo pia naijua."

Longor akapita mbele, kigoda kwapani. "Shemeji, unazika pesa za watu!"

Amuria aliinua nusu ya gunia kwa mikono miwili, akaitupa shimoni, kisha akamgeukia. Sauti yake haikupanda, ila kila mtu aliisikia.

"Nazika sumu uliyomfundisha mtoto. Pesa za watu nitazilipa kwa mikono hii. Wewe ulitaka niache meza. Basi nakuambia mbele ya hawa wote: siachi! Nitalala njaa, nitabeba kuni, lakini meza hii itasimama, na itasimama safi. Sasa nisaidie kufukia au nipishe."

Longor akampisha. Amuria na binti yake wakafukia, wakashindilia udongo kwa miguu, wakaweka miiba juu ili mbuzi wasifukue.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwenye mkutano wa kikundi, ukumbini kanisani. Zamu ya Amuria ilipofika, alisimama mikono mitupu.

"Fungu langu leo sina. Nusu ya gunia nimeizika, na sababu mmeisikia. Sikuja kuomba huruma. Nina gunia jipya, na wiki tatu zijazo nitalipa hili la leo pamoja na ya wiki hizo. Mkitaka kunitoa kwenye kikundi, nitoeni, lakini kuuza sumu ili nilipe, hamtaniona nikifanya."

Wanawake walinung'unika, maana kila mmoja alijua mzigo ungemwangukia nani. Mwenyekiti akauliza, "Amuria dada yangu, lakini kama huyu mtoto angenyamaza, nani angejua?"

Namuar alisimama bila kuitwa. "Mimi ningejua," alisema. "Na kila nikiona watoto wa Mama Nyaluak, ningejua tena."

Ndipo mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa Nyaluak, jasho likimtiririka kwa mwendo wa kutoka kambini.

"Mimi si mtu wa kikundi," alisema, "lakini nitasema. Miaka minne nanunua samaki Kakuma. Mtu wa kuniambia *nunua*, wengi sana. Mtu wa kuniambia *usile*, mmoja tu. Huyu." Alimwonyesha Namuar kwa kidevu. Kisha akaweka mezani zile pesa alizorudishiwa. "Hii ya samaki ishirini wa gunia jipya. Na kila Jumamosi nataka ishirini. Lakini binti, kwanza unionyeshe nzi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pesa zile hazikutosha fungu, ila zilikaribia. Mwenyekiti alifungua mkoba wake, wengine nao wakafungua yao, wakajaza kilichopungua. Kabla ya wiki tatu kwisha, Amuria alikuwa amewarudishia wote.

Ilipofika Desemba, ile meza ilikuwa kibanda cha bati. Amuria alitandika samaki juu ya waya, mbali na unyevu wa ardhi, akawatia chumvi na kuwafunika kwa chandarua. Hoteli tatu za kambini zilikuwa zikinunua kwake. Mkopo wa kwanza ulikwisha, na alipoomba wa pili, kikundi kilikubali kabla hajaketi.

Siku moja Longor akaja na kigoda chake. Akatazama waya, akatazama bati, akakaa.

"Shemeji, nipe samaki mmoja. Njaa imenishika."

Amuria akampa mkubwa. Longor akamgeuzageuza mkononi. "Huyu hana dawa?"

"Waulize nzi," Amuria akajibu, na hata Longor mwenyewe alicheka.

Alipokwisha kwenda, Namuar akauliza, "Mama, kwa nini umempa, baada ya yote?"

"Kumnyima chakula ndugu wa baba yako si ushindi, mwanangu. Ushindi ni kwamba kibanda kimesimama." Amuria alifunga chandarua vizuri, kisha akamtazama binti yake machoni. "Likumbuke hili hata ukiwa mtu mzima. Mkopo unaweza kukununulia gunia, lakini mteja hununua uaminifu wako. Gunia likioza, utapata jingine. Uaminifu ukioza, hakuna dawa ya kuunyunyizia. Na anayekuambia unyamaze huku mtu mwingine akidhurika, huyo usimtii, hata akiwa mkubwa wako."

"Ndiyo, mama."

"Haya, shika tawi. Wageni wako wanakuja."

Na kweli nzi walikuwa wakija, wengi, bila haya. Namuar alishika tawi na kuanza kupunga, na siku hiyo kazi ile haikumchukiza hata kidogo.