Mafuta ya Nazi Milimani

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Nabiha alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Aliitoa baiskeli ya Ami Kamaludin ukumbini, akaishusha vidato polepole isije ikagonga ubao wa nakshi wa mlango, kisha akaiendesha kwenye vichochoro vya Kuze, Mombasa. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Aliondoka barazani kwao, akapita madrasa, akapita duka la vyuma la Mzee Tayebali, akafika kwenye kona ambapo kichochoro hutokea barabara kubwa, na hapo ndipo mwisho. Aligeuza. Mama yake alikuwa amekata shauri kuhusu jambo hilo: lami ni ya magari, na mtoto wake hataikanyaga kwa baiskeli maadamu yeye yu hai.

Hakuna aliyembishia mama, maana Ami Kamaludin alikuwa pale pale barazani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya mkeka na mkongojo umeegemea ukuta. Ami huyu, ndugu mdogo wa baba yake Nabiha, zamani alikuwa akienda kazini Shimanzi kwa baiskeli hiyo hiyo. Asubuhi moja lori la makontena lilipinda bila kumwona. Baiskeli ilitengenezeka. Mguu haukutengenezeka.

Tangu hapo Ami akawa mtu wa maneno machache. Siku nyingine alikaa tangu asubuhi hadi magharibi akiutazama ukuta wa nyumba ya pili. Lakini Nabiha aliporudi na baiskeli, kila siku alimuuliza swali lile lile.

"Leo umeona nini?"

Naye Nabiha humweleza: paka amelala katikati ya njia na amekataa kuondoka, Bi. Mwanakuu ameanika mbaazi mbele ya mlango wake, na mtu wa mkokoteni amekwama anabembeleza apite. Ami husikiliza kama anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

Basi shuleni kwao kulikuwa na chama cha baiskeli, na Mwalimu Kahindi ndiye aliyekiongoza. Likizo ya Agosti ilipokaribia, mwalimu alitangaza safari ya milima ya Taita. Alisema huko juu, ng'ambo ya Wundanyi, iko barabara ya zamani inayopita msituni. Tangu ijengwe ya lami, magari yameihama. Sasa ni njia ya watu wa miguu, mbuzi na baiskeli. Ila akaongeza kwamba yeyote atakayebaki nyuma asitegemee mwakani, kwa kuwa barabara hiyo itapanuliwa na kupitishwa malori ya mawe.

Mama alimwendea mwalimu mwenyewe akamuuliza kama kweli hakuna magari. Mwalimu akasema hakuna. Hata pikipiki? Hata pikipiki, mama. Mama akarudi nyumbani, kisha akaitikia kwa kichwa.

Ami Kamaludin alimwita Nabiha barazani, akamwekea mkono begani. "Mimi nimeendesha baiskeli umri wangu wote na gari liko mgongoni," alisema. "Njia isiyo na gari sijapata kuiona. Nenda ukanitazamie, mwanangu. Ukirudi unieleze."

Nabiha aliahidi. Kwake yeye safari ile haikuwa tena matembezi ya likizo. Ilikuwa kitu cha kumletea Ami, kama mtu anavyoagizwa dawa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Akila, binti wa Mzee Tayebali. Naye alikuwa akienda. Mzee Tayebali aliwapa kopo la grisi, zawadi yake kwa wasichana wawili, na kwa kuwa Akila alikuwa amekwenda kuwapokea wageni wa kwao kule Mbaraki, walikubaliana Nabiha azishughulikie baiskeli zote mbili. Ami alimweleza kazi ilivyo. Lifungue gurudumu la nyuma. Lioshe kwa mafuta ya taa. Lifute mpaka chuma kikauke, ndipo upake grisi ndani, palipo na vijimeno vinavyoshika mtu anapokanyaga pedeli.

Lakini siku hiyo kulikuwa na arusi kwa jirani, na Nabiha alikuwa ametoka kupakwa hina. Maua yalikuwa yamemjaa viganjani hadi kwenye vifundo. Alilitazama kopo la grisi nyeusi, akatazama mikono yake. Kisha akaingia jikoni akachukua chupa ya mafuta ya nazi.

Usimcheke. Kwao mafuta ya nazi hutiwa katika kila kitu. Hupakwa nywele, hupakwa magoti ya nyanya yake, hutiwa bawaba za mlango zinapolia kwa chumvi ya bahari, hutiwa hata cherehani. Nabiha aliyamimina kwenye mwanya wa gurudumu la nyuma, baiskeli ya kwanza na ya pili, mpaka mwanya ukashiba. Magurudumu yakazunguka laini bila sauti. Kopo la grisi akalisukuma uvunguni mwa kitanda, halijafunguliwa.

"Umetia grisi?" Ami aliuliza jioni.

"Nimetia, Ami."

Ami akalizungusha gurudumu kwa kidole, akalisikiliza, akaridhika.

Walifika milimani jua likizama, baiskeli zimefungwa nyuma ya lori dogo la kukodi. Walilala katika darasa la shule moja ya huko. Watoto wa kisiwani hawakuwa wameijua baridi kama ile. Walilala wamebanana kama dagaa, na asubuhi walipotoka nje ukungu ulikuwa umeufunika uwanja wote hata milingoti ya goli haionekani. Mwalimu Kahindi aliteleka birika kubwa la chai. Kila mtu alishika kikombe kwa mikono miwili.

Wakapanda baiskeli. Nabiha alikanyaga pedeli, na pedeli ikazunguka bure. Akakanyaga tena. Mguu ulishuka kama uliokanyaga hewa, mnyororo ukaenda, gurudumu likasimama pale pale. Pembeni yake Akila naye alikuwa akihangaika vivyo hivyo.

Umair, mvulana wa chama chao ambaye hakuwa na simile kwa mtu, alizunguka na baiskeli yake akawapita. "Nabiha, hiyo waiendesha ama waitembeza? Kama ni mbuzi mfunge kamba."

Wenzake wakacheka. Mwalimu Kahindi alikuja akaipindua baiskeli ya Akila, akaingiza kijiti kwenye mwanya wa gurudumu. Kijiti kilitoka na kitu cheupe kizito kama samli.

Nabiha alikijua mara moja. Alikuwa amekiona mara nyingi kwenye friji la nyumbani, nyanya anaposahau chupa ndani. Mafuta ya nazi, ambayo Mombasa hayajui kusimama, huku juu yalikuwa yameganda na kuvinatisha vile vijimeno visishike. Alijua pia dawa yake. Nyanya huiweka chupa kwenye maji moto, na kufumba na kufumbua mafuta yanarudi kuwa maji. Birika lilikuwa hapo, hatua chache tu, linatoa mvuke.

"Grisi gani hii?" mwalimu aliuliza. "Imeoza. Mmeitoa wapi?"

"Dukani kwetu," alijibu Akila kwa sauti ndogo.

Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema ni aibu mtu mzima kuwapa watoto bidhaa mbovu, na kwamba akirudi atawaambia walimu wenzake wasinunue kitu tena katika duka lile. Akila aliinamisha uso. Nabiha alifungua kinywa. Aliwaona watoto wote wamemkodolea macho, akamwona Umair anangojea la kuchekea, na maneno yakamkauka. Akakifunga.

Chai ilimwagwa, birika likasuuzwa kwa maji baridi ya mfereji. Msafara ukaondoka. Kwa kuwa lori lilikuwa linawangojea chini, upande wa pili wa msitu, mwalimu aliwaamuru wasichana wawili wafuate kwa miguu wakisukuma baiskeli zao, pamoja na yeye mwenyewe nyuma yao.

Hivyo ndivyo Nabiha alivyoipita barabara isiyo na magari. Aliisukuma baiskeli. Njia ilikuwa pana, imefunikwa majani yaliyooza, na miti ilikuwa mirefu imevaa kijani kama manyoya hadi kwenye matawi. Mteremko ulikuwa mzuri kiasi kwamba baiskeli ilitaka kwenda yenyewe, na Nabiha aliizuia kwa kuwa mwalimu aliwakataza kupanda kitu kibovu kwenye mlima. Huko chini walisikia sauti za wenzao wakipiga mbinja kwenye kona. Kisha hata hizo zikapotea. Jua halikutoka siku hiyo.

Walipofika mahali maji yanapokata njia, mwalimu akiwa bado nyuma kwenye kona, Akila alisimama akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Sitamwambia baba," alisema. "Alilichagua kopo lile yeye mwenyewe. Akisikia lilioza atasononeka."

"Halikuoza," alisema Nabiha. "Liko uvunguni mwa kitanda changu. Nilitia mafuta ya nazi."

Akila hakumtukana, na ingekuwa afadhali angemtukana. Aliishika baiskeli yake akatangulia, na tangu pale Nabiha akawa anauona mgongo wake tu.

Walipofika kwenye lori wengine walikuwa wamekwisha kula, wana matope hadi magotini na furaha imewajaa. Nabiha aliilaza baiskeli chini, akamwendea Mwalimu Kahindi mbele ya wote, akasema yote, kuhusu hina na chupa na kopo, na kwamba aliyajua mafuta yale tangu asubuhi alipoyaona kwenye kijiti. Safari hii hata Umair hakucheka.

Kwanza mwalimu alimgeukia Akila, akamwomba radhi kwa maneno aliyoyasema juu ya baba yake, akaahidi kumwendea Mzee Tayebali mwenyewe. Ndipo akamgeukia Nabiha.

"Birika lilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Ungesema pale, ningemwaga maji moto kwenye magurudumu mawili, na sote tungeondoka pamoja."

"Twaweza kurudi juu, mwalimu?"

"Giza litatukuta msituni. Na lori ni la kurudi leo."

Walishuka mlima. Kadiri walivyoukaribia mji wa Voi joto lilizidi, na Nabiha, aliyekaa nyuma kando ya baiskeli, aliona tone la mafuta likidondoka kutoka gurudumu la nyuma, kisha la pili. Aliizungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu likashika, likazunguka vizuri kabisa humo ndani ya lori. Alilitazama hadi likasimama, akaugeuza uso.

Kesho yake alasiri Ami Kamaludin alikuwa barazani, amevaa kanzu safi. Alikuwa ameagiza kahawa. Nabiha alimwamkia, akaketi.

"Haya," alisema Ami. "Umeona nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ungekuwa mtamu, na Ami angeuamini wote, upepo, kona, mteremko. Nabiha alilitoa kopo la grisi chini ya buibui, akaliweka juu ya mkeka kati yao, likiwa na kifuniko chake.

Alimweleza yote bila kujitetea. Alipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa. Ami alikuwa ameugeukia ukuta wa nyumba ya pili, na Nabiha akadhani hatasema tena siku hiyo.

"Na ile barabara wataipitisha malori," alisema Ami hatimaye.

"Ndiyo, Ami."

"Basi hakuna atakayekwenda tena kunitazamia."

Nabiha alilia kimya kimya. Ami alimwacha alie. Halafu akaisogelea baiskeli kwa makalio, akiuburura mguu, akaanza kulegeza nati ya gurudumu la nyuma.

"Nisikilize, Nabiha. Kukosea mafuta ni jambo la mtoto, hata mimi nimewahi kutia samli. Lililokupotezea safari si nazi. Uliponiambia umetia, ulinizuia mimi nisikusaidie. Uliponyamaza kule juu, ulimzuia mwalimu naye asikusaidie. Ukikosea sema mapema, wakati birika lingali moto. Ukingoja, utasema vile vile, lakini maji yatakuwa yamepoa."

"Nimefahamu, Ami."

"Umefahamu, haya. Leta mafuta ya taa. Na hina yako ndiyo inakwenda hivyo."

Walifanya kazi mpaka karibu na adhana ya magharibi. Hina ilitiwa weusi, kucha zikajaa grisi. Akila alipita akitoka dukani. Hakusimama kuzungumza, ila alirudi baada ya kitambo akaweka tambara safi juu ya kidato, pamoja na spana ya gurudumu la baiskeli yake, kisha akaenda zake. Ami alilichukua tambara akampa Nabiha.

"Na yake uitengeneze kesho," alisema. "Sasa nieleze hiyo njia."

"Sikuiendesha, Ami. Niliitembea tu."

"Mimi nami siku hizi natembea tu. Nieleze."

Nabiha alifuta mikono. Akamweleza juu ya miti iliyovaa kijani, na majani yaliyofanya hatua zao zisisikike, na maji yanayokata njia bila daraja. Akamwambia jinsi alivyogeuka mara nyingi kutazama nyuma kwa mazoea, na kila alipogeuka hapakuwa na kitu kinachokuja.

Ami Kamaludin alifumba macho. Kidole chake kililisukuma gurudumu, nalo likazunguka, likaendelea kuzunguka.