Alama ya Kuuliza Iliyomeza Nyimbo

Kila Jumamosi Chapuchapu alishinda kwenye duka la mama yake la kuchapa. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Jumamosi moja asubuhi duka lilijaa wanakwaya, maneno mengi kuliko viti. Jioni wangeingia mashindanoni, na kijitabu chao cha nyimbo kilikuwa bado kwenye kompyuta, hakijachapwa.

"Mwanangu," alisema kiongozi wa kwaya, "kila penye alama ya kuuliza, hatukuwa tumekubaliana nani aimbe. Si unawaona hawa? Kila mmoja anajiona ndiye mwenye sauti! Sasa tumeamua. Weka WOTE."

"Hilo dogo, shangazi."

Chapuchapu akaandika ? kwenye kisanduku cha kutafuta, WOTE kwenye kisanduku cha kubadilisha, akabonyeza. Nyimbo zikayeyuka. Ukurasa mzima ukawa WOTEWOTEWOTE.

"Makubwa haya!" kiongozi akashika kichwa. "Hata mimi na mdomo wangu sikuomba kuimba hivi!"

"Virusi hivyo," mwenzake akadakia. "Mashine ndivyo zilivyo."

Uongo ulikuwa umeletwa mezani, tena umeshamenywa kama chungwa. Chapuchapu alitamani kuupokea. Badala yake akamgeukia mama yake, aliyekuwa kando ya printa.

"Si virusi, mama. Ni mimi. Nimebonyeza bila kujaribu kwanza."

Mama hakufoka. Alibonyeza kitufe cha kutengua, nyimbo zikarudi. "Kwa programu hii, alama ya kuuliza maana yake ni herufi yoyote ile. Ndiyo maana imefagia kila kitu. Sasa utaiambiaje kwamba unaitaka alama yenyewe?"

Chapuchapu akafungua ukurasa wa msaada, akausoma polepole. Kisha akatanguliza kimstari kilicholalia nyuma, kinachoiambia programu kwamba inayofuata ni alama tu: \?. Safari hii alijaribu wimbo mmoja tu. WOTE ikakaa mahali pake. Maneno mengine hayakuguswa. Ndipo akabadilisha kijitabu kizima.

"Imekubali!"

Duka likalipuka kwa vigelegele. Printa ikatema kurasa, na wanakwaya wakaimba papo hapo, wote kweli, mpaka wapita njia wakachungulia.

Mama akamkumbatia. "Vidole vyepesi ni zawadi, mwanangu, lakini leo umetuokoa kwa kusema kweli. Ungesema virusi, hadi sasa tungekuwa tunavisaka, na wenzetu wangekwenda mikono mitupu. Jaribu padogo kwanza. Na ukikosea, sema mapema, tukusaidie kurekebisha."